Mahali Hapafilisiki

Kampuni ikishindwa sokoni hufungwa. Wafanyakazi hulipwa stahili zao au hudhulumiwa, mashine hupigwa mnada, jina hufutwa kwa msajili, na siku ya pili mshindani huchukua wateja. Wilaya ikishindwa hufanywaje? Nani ataipiga mnada Tarime? Wazee wa Nyanungu hawawezi kupunguzwa kazi, na mtoto aliyezaliwa leo Mugumu hajaomba ajira kwa mtu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, wataalamu wa maendeleo wamekuwa wakizizungumzia nchi, mikoa na wilaya kana kwamba ni maduka mawili yanayotazamana barabarani: hili likiuza, lile limekosa.

Mtazamo huo una wasomi wake. Mwaka 1990 Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kinene kuhusu sababu za baadhi ya mataifa kuyatangulia mengine kibiashara. Alionyesha kwamba shughuli za aina moja hustawi zikikaa pamoja: wauzaji wa vifaa wako jirani, fundi akihama karakana anahama na ujuzi wake, na mteja mkali huwalazimisha wote wafanye kazi safi. Miaka minne baadaye Paul Krugman, akiandika katika jarida la Foreign Affairs, aliyaonya mataifa dhidi ya kujiona kampuni, akasema ni ulevi wa hatari. Nchi haina siku ya kufungwa, alisema, na jirani akineemeka huenda nawe umepata mnunuzi mzuri zaidi.

Onyo hilo halikusikika sana. Benki ya Dunia ilikuja kuzipanga nchi 190 kwa wepesi wa kufanya biashara, na katika toleo la 2020 Kenya ilikuwa ya 56, Uganda ya 116, Tanzania ya 141. Mawaziri walizisoma namba hizo kwa jasho. Kisha Septemba 2021 Benki yenyewe ikaizika ripoti hiyo moja kwa moja, baada ya kubainika kuwa takwimu za matoleo ya 2018 na 2020 zilikuwa na kasoro zisizo za bahati mbaya. Mwamuzi ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Wachumi wabishane kuhusu vipimo. Swali lililo chini ya ubishi huo si la uchumi peke yake, nalo ni la zamani kuliko Harvard: je, ni haki kulitaka eneo la watu lishindane? Lishindane na nani, kwa faida ya nani, na anayeshindwa abaki na nini mkononi?

Kona ya kaskazini ya Mkoa wa Mara ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili, kwa sababu kila kitu ambacho wataalamu hukitafuta kimerundikana hapo. Kata ya Turwa, ndani ya mji wa Tarime, iko jirani na barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari, mpakani na Kenya. Nyanda za juu zina udongo mzuri, misimu miwili ya mvua, migomba, mahindi na kahawa ya arabika. Ukishuka kuelekea Mto Mara kuna Nyamongo na dhahabu yake. Ukivuka mto uko Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, na mbele yake hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951 ambayo jina lake linajulikana hata kwa watu wasiojua Tanzania iko upande gani wa Afrika. Dhahabu, kahawa, mpaka na nyumbu, vyote ndani ya wilaya mbili. Kwa hesabu ya vitabuni, watu wa hapo wangekuwa wamekwisha kutajirika.

Wala hawajakosa moyo wa kushindana. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia aliyeishi katika kijiji kimoja cha Tarime na kuandika kitabu kuhusu wizi wa ng'ombe kilichotoka mwaka 2000, alionyesha jinsi uvamizi wa mifugo ulivyoacha kuwa mchezo wa ujana na njia ya kupata mahari, ukawa biashara ya fedha taslimu. Ng'ombe aliyeibwa usiku alivushwa mpaka na kuuzwa Kenya kabla mwenyewe hajamaliza kupiga yowe. Biashara hiyo ilikuwa na mtaji, usafiri, taarifa za soko na mgawanyo wa kazi. Bangi ya bonde la Mto Mara, ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikiing'oa kwa operesheni, nayo ni zao linalowafikia wateja wa mbali bila bwana shamba, bila mkopo wa benki na bila barabara ya lami. Msomaji asielewe vibaya: watu wameuawa kwa ajili ya ng'ombe hao. Lakini anayesema Tarime haiwezi ushindani hajatazama. Inauweza vilivyo. Swali ni kwa nini ustadi huo umestawi zaidi pale ambapo hakuna kanuni.

Dini zilizofika huku zina maneno mengi kuhusu ushindani. Wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll walifika Musoma katika miaka ya 1940, Wamenoni walikuwa wameanza Shirati mwaka 1934, Waadventista wana makanisa karibu kila tarafa, na misikiti iko Tarime mjini na Sirari. Mhubiri anayetaka kuwahimiza vijana wafanye biashara huenda moja kwa moja kwenye Mathayo 25, kwa yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini akanyang'anywa. Ni somo linalopendwa kwenye semina za ujasiriamali, na si ajabu, maana mwenye tano anaongezewa na aliyezembea anatupwa nje. Ila sura tano tu nyuma, katika kitabu kilekile, yuko mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa walioajiriwa saa kumi na moja jioni sawasawa na walioanza alfajiri. Mfano huo hausikiki kwenye semina hizo. Ungewavuruga. Mtu aliyesimama sokoni kutwa nzima kwa kuwa hakuna aliyemwajiri si mvivu, na tumbo lake la jioni halitofautiani na la mwenzake aliyepata kazi mapema.

Kurani nayo inawataka waumini washindane, tena kwa amri: katika Surat al-Baqara wanaambiwa wakimbilie mambo ya kheri. Lakini kuna sura nzima, ya 102, inayowakemea waliosahaulishwa na kushindania wingi wa mali hadi wakaingia makaburini. Kwa hiyo vitabu vyote viwili vinauruhusu ushindani na vyote viwili vinauwekea mpaka, na mpaka wenyewe hauko mbali: unaanzia pale ambapo kushindwa kwa mmoja kunakuwa kuangamia kwake.

Dhahabu ya Nyamongo imeupima mpaka huo kuliko kitu kingine chochote nchini.

Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba hapo kabla ya mgodi mkubwa. Mgodi huo, North Mara, ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Placer Dome ya Kanada. Mwaka 2006 Barrick ikaimeza Placer Dome, mwaka 2010 mgodi ukawekwa chini ya African Barrick Gold iliyouza hisa zake London, mwaka 2014 kampuni hiyo ikabadili jina kuwa Acacia, na mwaka 2019, baada ya mgogoro mkali na Serikali ya Rais Magufuli kuhusu kodi na makinikia, Barrick ikairudisha mikononi mwake na kuunda pamoja na Serikali kampuni ya Twiga, ambamo umma una asilimia 16 ya hisa katika migodi. Mtu wa Kewanja au Nyangoto aliyezaliwa mwaka mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza sekondari, na tayari mashimo ya kijijini kwao yalikuwa yamepitia majina matano ya wenye mali. Yeye hakuhama.

Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA, baraza la Waislamu, walifanya jambo ambalo viongozi wa dini hawalifanyi mara nyingi: walitoa kwa pamoja ripoti ya hesabu. Waliwatuma Mark Curtis na Tundu Lissu kuchunguza nchi ilikuwa ikipata nini katika dhahabu yake, na jibu lilikuwa kwamba inapata kidogo mno. Mrabaha chini ya sheria ya 1998 ulikuwa asilimia 3. Tume ya Jaji Mark Bomani ilikuwa ikilichunguza suala hilohilo wakati huo. Sheria mpya ya 2010 ikaupandisha mrabaha hadi asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakaufikisha asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Haiwezekani kusema ni sehemu gani ya mabadiliko hayo ilitokana na masheikh na maaskofu. Lakini ni vigumu kuwaambia tena kwamba hesabu za migodi si kazi ya madhabahu.

Kwa nini walijali? Kwa sababu hata fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ilikuwa imeshaulizwa swali hilo. Mwanachuoni wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hutofautisha hazina ya kale iliyokutwa imefukiwa, ambayo moja ya tano yake hutolewa, na dhahabu iliyochimbwa mgodini kwa gharama na jasho, ambayo zaka yake ni moja ya arobaini. Kanuni hiyo ina akili: jasho likizidi, haki ya wengine inapungua, bahati ikizidi, haki ya wengine inaongezeka. Lakini katika hali zote mbili haifiki sifuri, na anayepewa hapewi hisani. Sura ya 70 ya Kurani inaitaja kuwa haki inayojulikana ndani ya mali ya mwenye nacho.

Hapo ndipo ugomvi wa Nyamongo ulipo, nao ni wa kifalsafa kabla haujawa wa kisheria. Kinachotolewa kwa jirani wa mgodi ni zawadi au ni deni? Kwa miaka mingi ilikuwa zawadi: darasa hapa, zahanati pale, picha ya meneja akikata utepe. Tangu 2017 sheria ya madini inaitaka kampuni iandae mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri, na hapo ndipo hisani ilipoanza kusogea kuelekea deni. Barrick imeahidi kutenga dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa. Tuseme wakia imeuzwa dola 2,000. Mrabaha unaokwenda Serikali Kuu ni dola 120. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, ukihesabiwa kwa asilimia 0.3, ni dola 6. Ongeza 6 za jamii. Mahali palipochimbwa, palipohamishwa makaburi na palipochimbuliwa shimo lisilofukika, panabakiwa na dola 12 kati ya 2,000, ukiacha mishahara na manunuzi. Huenda hiyo ni haki, huenda si haki. Ila ni hesabu inayostahili kujadiliwa mbele ya wanakijiji kwa tarakimu zake, na mkutano wa kijiji unauweza mjadala huo, maana watu wa huku wamezoea iritongo, baraza la wazi ambako hata shauri la ng'ombe mmoja husikilizwa mpaka jua lizame.

Kisha kuna mawe. Mgodi humwaga mawe ya taka, na ndani ya taka hizo hubaki punje ambazo mashine kubwa haina haja nazo. Vijana waliingia kuyaokota kwa mamia, wakaitwa wavamizi, au kwa jina lililozoeleka Nyamongo, intruda. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwafyatulia risasi, na watu wasiopungua watano walikufa. Baadhi ya familia na majeruhi walifika hadi mahakama ya London mwaka 2013. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015.

Sheria ya umiliki iko wazi: jiwe la taka ni mali ya mwenye leseni. Lakini msomaji wa Biblia anajua sheria nyingine, ya Walawi 19, inayomkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembe zake au kurudi kuokota masuke yaliyodondoka; hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu, mama wa babu yake Daudi, aliishi kwa masazo hayo. Haifai kuipaka rangi nzuri sana picha hii. Shamba la shayiri halina kuta zinazoporomoka wala zebaki, na waokotaji wa Nyamongo hawakuwa wajane peke yao. Walikuwamo wenye mapanga na wanunuzi waliowatuma. Bado sheria ya masazo ina jambo ambalo sheria ya leseni haina. Haimwambii mwenye shamba amlishe maskini kwa mkono wake. Inamwambia aache nafasi ambamo maskini atafanya kazi mwenyewe, mchana, bila kuomba na bila kuiba. Kuyatenga mawe ya taka kwa vikundi vilivyosajiliwa, mahali salama, penye mzani na mnunuzi anayejulikana, kungekuwa masazo ya zama hizi. Wanaosema haiwezekani wasisahau kwamba lililofanyika badala yake halikuwa rahisi wala salama.

Tukubali pia kwamba ushindani uliharibu tabia pande zote. Ilipojulikana kwamba mgodi utapanuka, watu walianza kutegesha: nyumba za mabati zilisimamishwa kwa siku chache, miche ikapandwa msongamano, ili mthamini akija akute kitu cha kulipia. Wapo waliofanikiwa. Wapo waliokopa wakategesha na hawakulipwa. Kumbukumbu la Torati linamkataza mtu kuusogeza mpaka wa jirani yake uliowekwa na wa kale, na mwenye busara angesema nyumba ya tegesha ni mpaka uliosogezwa kwa mabati. Lakini mtu hutegesha pale ambapo uzoefu umemfundisha kwamba njia pekee ya kupata sehemu ya dhahabu ni fidia, na fidia huja mara moja tu maishani. Ungempa njia ya pili ungeona nyumba nyingi zikikosa wajenzi.

Wako watakaojibu, na wana hoja, kwamba bila wawekezaji dhahabu ingelala chini ya ardhi, na talanta iliyofukiwa haimfaidii mtu. Kweli. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zinaitaka migodi inunue kwanza kwa kampuni za wazawa, na hapo ndipo Porter anapofaa kusikilizwa tena: mgodi wenye mahitaji makubwa ya chakula, usafirishaji, uchomeleaji na sare za kazi ni mteja mkali, na mteja mkali hufundisha. Mkulima wa nyanya wa Nyamwaga aliyezoea kuuza kwa debe akidaiwa uzito kamili, siku kamili na risiti ya kodi, ama ataacha ama atakuwa mfanyabiashara. Tatizo ni gharama ya kujifunza. Mkataba wa kulipwa baada ya siku nyingi unamnufaisha mwenye mtaji wa kusubiri, na mwenye mtaji wa kusubiri kwa kawaida yuko Mwanza au Dar es Salaam. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye mgodi ina fungu nono kuliko jirani zake. Fungu hilo lingeweza kuwabeba wauzaji wadogo hadi mgodi ulipe. Mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, kisha ikarudishwa, na hilo nalo linafundisha kwamba deni lisilodaiwa huwa zawadi, na zawadi huwafuata wenye jamaa ofisini.

Upande wa pili wa Mto Mara swali huja na mkonga. Mugumu iko karibu na Serengeti kuliko Arusha, lakini fedha za watalii wengi huingia na kutoka kwa njia ya Arusha. Barabara ya kuiunganisha Mara na Arusha kupitia kaskazini mwa hifadhi iliahidiwa, na kwa mtu wa Mugumu ilikuwa ahadi ya kuingia kwenye shindano. Shirika la kutetea wanyama la Kenya likaipinga katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikasema barabara ya lami ndani ya hifadhi itakuwa kinyume cha mkataba wa jumuiya. Makundi ya nyumbu zaidi ya milioni yakabaki na njia yao. Uamuzi ulikuwa sahihi, na Wakurya wa huku, ambao kila ukoo wao una mnyama wake wa heshima, hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba mnyama ni jirani. Lakini jirani huyo hula. Tembo akimaliza shamba la mtama mwenye shamba hulipwa kifuta jasho, na tembo akiua, familia hupewa kifuta machozi. Kanuni za Serikali zinaweka wazi kwamba malipo hayo si fidia. Ulimwengu mzima unaifurahia Serengeti kwa haki, na mkulima wa Mugumu anaigharimia kwa huruma ya kiwango kilichopangwa na Wizara.

Nani basi apange? Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931 kuhusu mpango wa jamii, aliandika kwamba ni dhuluma kwa chombo kikubwa kujitwalia kazi ambayo chombo kidogo kilicho karibu na watu kinaiweza. Tanzania imeipima kanuni hiyo kwa ngozi yake. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri kwa jina la kupeleka madaraka mikoani, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na Tarime, alikuja kukiri kwamba hayo mawili yalikuwa makosa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982 na halmashauri zikafuata mwaka 1984, lakini uaminifu haurudi kwa tangazo la gazeti la Serikali. Mkulima wa kahawa wa Tarime aliyekuwa kijana wakati huo ameona chama chake kikifa, kikifufuka, kikidaiwa. Akikiuzia kahawa leo huwa na sababu ya kuhesabu noti mara mbili.

Naye ana mnunuzi mwingine. Isebania iko ng'ambo ya Sirari, na ng'ambo hiyo kuna Wakurya wenzake wanaosema lugha ileile, wenye mashemeji upande huu. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya msingi, na kahawa inayovushwa nje ya utaratibu huo ni magendo. Tarime inaambiwa ishindane na Kenya, lakini Kenya yenyewe ni shangazi. Bei ikiwa nzuri kule na malipo yakitoka siku hiyohiyo, gunia litapita njia za panya usiku, na polisi watakamata moja kati ya mengi.

Kuna hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume anakataza watu kuwatokea njiani wafanyabiashara wa msafara kabla hawajafika sokoni. Sababu iko wazi: mwenye mzigo hajajua bei, na anayemtokea anaijua. Katika mapokezi ya Muslim, aliyeuza njiani akifika sokoni ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kosa lililolengwa ni kununua ujinga wa muuzaji. Hadithi hiyo haikumlazimisha muuzaji apitie mlango mmoja, wala haikumkataza kwenda soko la mbali. Wahaya wa Kagera wanaijua dhambi hiyo kwa jina la butura: kahawa ingali maua mtini, mwenye shida ya ada ya shule anaiuza kwa nusu ya thamani. Mtu wa butura na chama kinacholipa baada ya miezi mitatu hawako mbali sana. Wote wawili wanaishi kwa subira ambayo mkulima hana.

Kwa kipimo hicho, kazi ya kuisaidia Tarime ishindane haianzii kwenye kongamano la wawekezaji. Inaanzia kwa kuhakikisha kwamba mtu wa mwisho kwenye mnyororo anajua bei kabla hajauza na ana uwezo wa kusubiri siku tatu bila watoto kulala njaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wenye cheti kifupi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Mama mwenye mikungu ya ndizi Sirari anaweza kuutumia, kama ameambiwa upo, na kama kesho sheria haitageuka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua moja kuhusu sumukuvu, malori yakapanga foleni, na baada ya siku chache katazo likalegezwa. Tajiri mwenye ghala alingoja. Aliyekuwa na magunia manane ya mkopo aliuza kwa bei ya kutupa hapohapo mpakani.

Bei za mnada wa kahawa wa Moshi si siri, na bei ya Isebania inajulikana na kila dereva wa bodaboda wa Sirari. Ubao mweusi kwenye mlango wa kila chama cha msingi, unaoandikwa bei zote mbili kila Jumatatu, huenda usifikie hata posho ya kikao kimoja cha halmashauri. Viongozi wengine wataupinga kwa hoja kwamba utawachochea wakulima kuvusha. Wakulima wanavusha sasa, ubao ukiwa haupo.